Turubai Juu ya Shimo la Isaïe

"Nani alibaambia mufungule shimo ya mufu?"

Émerence aliuliza akiwa bado na beseni kichwani. Alikuwa ametoka Kamina kabla jua halijachomoza, na alipofika kwenye chemchemi ya Mayi-Moto aliwakuta wanawake wenzake wameinamia shimo ambalo hakuna aliyeligusa tangu mumewe alipofia ndani yake. Walikuwa wakichota matope na majani yaliyooza. Aliyeshika ndoo alikuwa Léonie, wifi yake, dada wa huyo huyo marehemu.

"Ninauliza. Hii shimo iko na mwenyewe. Isaïe njo alichimba, minyi muke wake niko muzima, na hakuna muntu alikuya kubisha ku mulango yangu."

Léonie hakuinua hata kichwa. "Muntu ya kufa hana na mihogo ya kuvundika. Shiye tuko nayo. Na kama weye wa treni unataka kuongea mambo ya bintu ya benyewe, leta kwanza bashi yangu."

Wanawake wakacheka chini kwa chini. Bashi kwetu ni turubai la plastiki, na hakuna mtu pale Mayi-Moto asiyejua kwamba Émerence aliazima turubai la Léonie na hajalirudisha. Léonie alihakikisha wanajua. Alikuwa amelisema kanisani, sokoni na penye bomba la maji. Angepewa nafasi angelisema hata kwenye redio.

"Bashi haina maneno ya leo," Émerence alisema.

"Kwangu iko ya leo. Kesho itakuwa ya kesho."

"Muache ile shimo, mulamu. Ninakuomba."

Hapo kicheko kikakatika, maana Émerence si mtu wa kuomba. Mama Mwepu, muuza mayai ya kuchemsha, akamwuliza sababu. Sababu Émerence hakuwa nayo. Alijua tu kwamba shimo lile lilimchukua mtu mzima mwenye nguvu zake, asubuhi kweupe, na hakuna aliyewahi kumwambia lilimchukuaje. Akageuka na beseni lake akaenda kukaa mbali, mgongo kwa watu. Nyuma yake ndoo ikaendelea kupanda na kushuka.

Nisiwaonee wanawake hao. Walikuwa na shida ya kweli. Mihogo michungu hailiwi mpaka ivundikwe majini ilainike, na wakati wa baridi maji ya mto yanaiacha ngumu kama kuni. Ndiyo maana mama zao walichimba mashimo pale ambapo maji ya moto yanapanda kati ya mawe. Na ili upepo usilibebe joto, mashimo yanafunikwa jioni kwa nyasi, mikeka na magunia. Mwenye shimo lenye joto ana unga wakati wenzake wana hasira. Sasa mashimo hayo yote yalikuwa yamepoa.

Mambo yalianza na treni ambayo haikuja. Katika kambi ya reli watu wanaijua treni kwa sahani. Honi haijasikika, sahani zimeshaanza kutetemeka kabatini, kisha vikombe, kisha kioo ukutani. Siku hizi treni ni chache hata mtu anaweza kusahau mlio wake, lakini sahani hazisahau. Basi jioni moja, mvua zikiwa ukingoni, sahani zikatetemeka kambi nzima. Wanawake hawakungoja honi. Walinyakua mabeseni ya karanga, ndizi na chikwanga, mikate ya mihogo, wakakimbia stesheni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza dirishani. Mama Mwepu alimwaga nusu ya mayai njiani na hakurudi kuyaokota. Walipofika, reli zilikuwa zikilia zenyewe, zii, kama zinavyolia treni inapokaribia. Treni hakuna. Walisimama na mabeseni yao mpaka giza likaanza kuingia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka. Mwishowe mmoja akasema polepole kwamba pengine treni imepita, ila waliopanda si watu wa kununua mayai.

Usiku huo hakuna nyumba iliyozima taa.

Redio ilisema ni tetemeko la ardhi, tena dogo. Dogo kwa redio. Wanawake waliporudi Mayi-Moto walitia mikono katika mashimo yao wakaitoa haraka, maji yalikuwa baridi kama ya mto. Joto lilikuwa limehama chini kwa chini, kama mpangaji anayeondoka bila kuaga, na likaenda kutokea mahali pamoja tu. Shimo la Isaïe lilikuwa linafuka mvuke.

Émerence alizaliwa katika kambi hiyo hiyo. Baba yake, Likoke, alikuwa mgeuza reli aliyetoka jimbo la Équateur na Kilingala chake. Mama yake alikuwa mtu wa Malemba-Nkulu. Ndugu za Isaïe, Baluba wa pande zote mbili, walimwita mtoto wa treni, maana yake mtu asiyejulikana ameteremkia wapi. Yeye alilipokea jina hilo kama sifa. Isaïe mwenyewe alilipenda. Alikuwa mtu wa kukaza misumari ya reli, mwenye kucheka upesi, na kazi ya reli ilipopungua akageuka mchimbaji: visima, vyoo, makaburi, chochote kinachoelekea chini. Shimo la Mayi-Moto alimchimbia mkewe kama zawadi. Alilichimba refu kuliko mengine yote, mpaka kifuani mwa mtu mzima, ili afuate joto lilikojificha.

Baridi ya mwaka aliokufa ilikuwa kali. Émerence alikuwa na mihogo mingi kwa ajili ya harusi ya watu, na nyasi na mikeka havikutosha kufunika shimo pana namna ile. Akaenda kwa Léonie kuazima turubai jipya. Siku hizo walikuwa wanapatana, hata wakisukana nywele. Jioni alilitandaza juu ya shimo mwenyewe, akapanga mawe kando kando, akaziba kila pembe kwa udongo. Isaïe alimtania: "Unazika mihogo ama unaitunza?" Naye akajibu kwamba joto lake halitoki kwenda kumpasha mtu mwingine.

Asubuhi Isaïe alifunua upande mmoja tu, akateremka. Émerence alikuwa juu, anapanga mabeseni. Alipochungulia alimwona mumewe amekaa ndani ya maji, mgongo umeegemea udongo, kidevu kifuani, kama mtu aliyechoka na safari. Akacheka. "Baba, umelala? Mayi imekuwa kitanda?" Akacheka tena. Kisha akaona kwamba maji yanaingia mdomoni mwa Isaïe na Isaïe hayatemi.

Kalala, mtu wa kambi aliyekuwa amekuja na baiskeli kubeba mihogo, aliingia mpaka kiunoni, akainama, magoti yakamlegea. Wakamvuta kwa mikono. Isaïe walimtoa kwa kamba. Hakuwa na jeraha. Mwili wake ulikuwa bado na joto, na hilo ndilo lililowavuruga watu zaidi, wakamkalia muda mrefu wakimwita jina.

Kwenye kilio familia ya Isaïe ilimkalisha Émerence chini ikamwuliza. Wote ni watu wa kanisa, lakini kilio kina kanisa lake. Walisema mukishi, roho ya maji yale, amekataa mgeni; walisema mtoto wa treni alichimbiwa shimo bila kuomba ruhusa kwa wenye nchi. Mwingine alisema wazi zaidi kwamba mke aliyecheka wakati mume anakufa anajua anachokicheka. Nani alimwambia kuhusu kicheko? Kalala, bila shaka. Hawakumfukuza. Lakini tangu siku hiyo Léonie hakulitamka tena jina lake. Alimwita weye wa treni, na akaanza kudai turubai.

Émerence hakuwa mwizi. Turubai alikuwa nalo, limekunjwa chini ya kitanda. Kila alipolishika ili alirudishe, alilisukuma tena chini ya kitanda. Na turubai lenyewe halikutulia. Jioni za baridi, hewa ya chumba inapopoa, plastiki inajikunja na kujikunjua, inatoa mlio mdogo, krr, halafu kimya, halafu krr. Kama mtu anayevuta pumzi na kuisahau kidogo kabla ya kuitoa. Émerence alikuwa anakaa mlangoni na shuka mabegani mpaka limalize.

Baada ya ugomvi wa shimo, Émerence alianza kwenda Mayi-Moto hata siku ambazo hakuwa na mihogo. Alikaa kwenye jiwe akalilinda shimo lisilohitaji mlinzi. Lilikuwa linachemka taratibu, mapovu madogo yakipanda mstari mmoja, na aliona mambo ambayo hakumwambia mtu. Asubuhi zisizo na upepo aliwakuta vyura wamekufa ukingoni mwa maji, matumbo juu. Siku moja alikuta mbayuwayu wawili, manyoya makavu, kana kwamba wamewekwa pale na mtu mwenye adabu.

Hapo ndipo Kapinga alipomkuta. Kapinga alikuwa msichana wa kutoka Lubumbashi, mwenye viatu vizito na matope mpaka magotini, aliyetumwa kupita kwenye chemchemi zote za moto kukusanya mapovu katika chupa za chuma. Alisalimu kama mtu aliyelelewa, akakaa chini na kumwuliza mama kama anaruhusu. Émerence akamwuliza mapovu yanauzwa wapi.

"Hatuuzi, mama. Tunataka kujua chini mule kuko nini. Kunaweza kuwa gesi ya faida. Kunaweza kuwa bure."

"Na ikikuwa ya faida, batatuhamisha."

"Ile sijui, mama. Minyi ni wa machupa."

Émerence alilipenda jibu hilo. Kapinga akawaona mbayuwayu. Akawatazama muda mrefu kuliko ndege wanavyostahili, kisha akauliza polepole: "Hii shimo banafunikaka?"

"Mu baridi. Mihogo ikisikia baridi haivunde."

"Banafunika na nini?"

"Nyasi. Mikeka." Émerence akalitazama shimo. "Mara moja, bashi."

Kapinga alichukua kipande cha chikwanga kutoka kwenye mfuko wake, akakivuta kwa mikono miwili, polepole, mpaka kikaanza kuchanika katikati na kushuka. "Inchi yetu inavutwa hivi, mama. Pole sana, huwezi kusikia, ila ile siku sahani inacheza. Kule Bukama mpaka Kinkondja katikati ilishaanguka zamani, njo maziwa ikakaa pale, njo samaki munakula. Huku bado inachanika. Na mu ile michaniko moto inapanda, mayi inapanda, na pumuzi inapanda."

"Pumuzi ya nani?"

"Ya mawe. Haina rangi, haina harufu, na inaua hata moto. Ila iko nzito kupita hewa yetu, inakaa chini sawa mayi mu beseni. Upepo ukipita, unaimwanga. Ukifunika na nyasi, inatokea mu matundu. Ukifunika na bashi—" Hakumaliza. Alikuwa ameona uso wa Émerence.

Aliendelea kwa sauti nyingine, kama anayetaka kuondoa mguu mahali alipokanyaga. Alisema nguvu za namna hiyo, zamani sana, kabla ya watu, ziliyakunja mawe ya upande wa Kolwezi kama nguo, na katika mikunjo ile shaba ikapata mahali pa kukaa. Émerence alisikia Kolwezi tu. Mwanawe Béni alikuwa anachimba huko, na kila alipotuma kitu alikitoa ndani ya mikunjo hiyo. Kumbe ardhi iliyomlisha mwana na ardhi iliyommeza baba ni moja, na haikuwa na neno na yeyote kati yao.

"Basi haikukuwa mukishi," alisema.

"Mambo ya mukishi siijue, mama. Ninajua pumuzi."

"Na mwenye kufunika?"

Kapinga alikuwa anakaza kizibo cha chupa yake. "Mwenye kufunika hakujua," alisema, na baadaye akapanda pikipiki, akaendelea kuelekea Kabondo-Dianda na barabara zake mbaya.

Hakujua. Émerence alirudi nyumbani na neno hilo na halikumpasha joto. Uchawi waliomsingizia miaka yote ulikuwa uongo, na uongo wa watu alikuwa amezoea kuubeba, ulikuwa mzigo wa nje. Hili lilikuwa la ndani. Alikumbuka jinsi alivyoziba pembe kwa udongo, kwa kidole gumba, kwa makini, kama mtu anayeziba chungu. Jioni turubai likalia chini ya kitanda, krr, na mara hii hakwenda mlangoni. Alikaa kitandani akalisikiliza mpaka mwisho.

Aliona mambo mawili. Akinyamaza, atabaki mjane anayesingiziwa, na hilo analiweza. Lakini baridi ilikuwa imefika, shimo lilikuwa safi, na mwanamke wa kwanza kuteremka atakuwa Léonie, maana Léonie haachi mtu amtangulie. Akisema, ndugu za Isaïe hawatahitaji tena mukishi. Watakuwa na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake alasiri alilivuta turubai kutoka chini ya kitanda, akalitia kwapani, akapita nalo katikati ya kambi watu wakimwangalia. Léonie alikuwa uani anachekecha unga. Aliliona turubai, chekecheo likasimama.

"Leo jua limetokea wapi," alisema.

"Shimo ya Isaïe, mulishaifunika?"

"Jana. Na bashi mupya, maana ya zamani ilikaa ku safari. Kesho asubui nitashuka kuangalia mihogo. Unakuya kunikataza tena?"

"Ninakuya kukuambia nini iliua kaka yako."

Akamwambia. Hakukalia kiti, hakulia. Alisema kuhusu pumzi, beseni na bashi. Alisema nani aliazima, nani alitandaza, nani aliziba pembe kwa udongo. Léonie alimsikiliza huku vidole vyake vikichora na kufuta ndani ya unga.

"Unataka shimo ibaki yako," alisema mwishowe. "Njo maana unaleta hii hadisi."

"Twende kesho pamoja. Ukiona ni uongo, shuka. Na shimo chukua."

Walikwenda alfajiri, mmoja mbele mmoja nyuma. Hapakuwa na upepo. Turubai jipya la buluu lilikuwa limetuna kidogo juu ya shimo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Émerence alimwambia Léonie asimame mbali, akashika pumzi, akainua pembe moja, akarudi nyuma. Kisha akafunga mwenge wa nyasi kavu kwenye ncha ya mti mrefu, akauwasha, akauteremsha shimoni.

Moto ulishuka ukiwaka vizuri. Ulipopita ukingo, ukazimika. Haukufifia wala haukutoa cheche, ulizimika kama uliobanwa na vidole vya mtu.

"Ni umande," Léonie alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Émerence akawasha tena. Ukazimika tena, mahali pale pale. Léonie akamnyang'anya mti, akawasha mwenyewe, akateremsha mwenyewe. Alipoutoa, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye nyasi nyeusi, naye aliutazama mpaka ukaisha.

Walivuta turubai lote, wakaenda kukaa upande wa juu, mbali. Jua likapanda na upepo ukaja na kupita shimoni. Léonie akajaribu moto mara nyingine. Uliwaka mpaka ukagusa maji.

Akakaa chini palepale kwenye majani. Umri wake wote ulionekana. "Alisikia mauchungu?" aliuliza.

"Hapana. Alikaa sawa muntu amechoka. Niliwaza amelala." Émerence alitazama mikono yake. "Kalala alisema kweli. Nilicheka."

Mapovu yalipanda shimoni, mstari mmoja, bila haraka. Léonie alipoinuka, Émerence alidhani anaondoka, na alikuwa amejiandaa kwa hilo, na kwa kambi nzima baada ya hapo. Lakini Léonie alikwenda kwenye turubai la zamani, akalikunjua. Lilitoa mlio ule ule, krr, wote wawili wakausikia. Alilikagua upande mmoja mpaka mwingine kwa jicho la mtu anayepokea mali yake.

"Iko na tundu huku," alisema.

"Panya."

"Panya ya kwako nayo haina heshima." Alipitisha kidole kwenye tundu. "Minyi njo nilikupatia hii. Ilikuwa mupya. Nilikuambia, hii haipitishe hata mbu." Akalikung'uta vumbi. "Nilikuambia vile na kiburi."

Akalitandaza nusu kwenye nyasi, juani, mbali na shimo, mahali pa kuanikia mihogo. Nusu nyingine ikawa inajikunja na upepo, inamshinda.

"Bashi imerudi," alisema. "Maneno yake imeisha. Émerence, shika huku."

Émerence akashika pembe.